Mjomba Aliyekanyaga Nguo ya Magome

Mume wangu Fe'ao analipwa kuwaambia watu wasogee. Mtu akiniuliza kazi yake, hilo ndilo jibu langu, nami nimelitoa harusini, kanisani, hata kwenye foleni ya samaki pale Otahuhu. Yeye mwenyewe husema ni mwanafizikia wa hospitali, upande wa kinga ya mionzi. Aliyeuliza huitikia kwa kichwa, kisha huomba chumvi.

Ni kazi ya kuchosha kuliko inavyosikika. Huko kisiwani Vava'u alikozaliwa, baba yake alikuwa anataka mchungaji. Akapata kijana wa hesabu, akamwombea miaka yote ya chuo kule Christchurch ili arudi na akili zake timamu. Hakurudi. Alipata kazi katika hospitali kubwa hapa Auckland, akanioa, tukanunua nyumba Mangere yenye gereji kubwa kuliko sebule, na tangu hapo namwona akitoka asubuhi na uso wa mtu, akirudi jioni na uso wa soksi iliyofuliwa mara nyingi.

Huko kazini anapima kuta za vyumba vya eksirei kuona kama madini ya risasi yaliyotiwa ndani yanatosha, halafu anagombana na wasanifu majengo wanaopenda ukuta mwembamba. Anakagua aproni nzito za kujikinga, kwa sababu madaktari huzikunja na kuzitupia kitini, nazo hupasuka kwa ndani pasipoonekana. Anawafuata mabingwa wa moyo, watu wazima wenye magari ya fahari, akiwabembeleza wavae beji za kupima mionzi badala ya kuzifungia kwenye droo. Na mgonjwa wa saratani ya tezi ya shingo akinyweshwa iodini yenye mionzi, Fe'ao ndiye husimama mlangoni kuwaeleza ndugu kwamba mgonjwa atakaa peke yake siku kadhaa: hakuna kulala naye, hakuna kula naye sahani moja, hakuna mjukuu mapajani. Kwa Wazungu maelezo hayo ni ya dakika chache. Kwa watu wetu, ambao kwao kumwacha mgonjwa peke yake ni sawa na kumtupa, huchukua alasiri nzima, na mwishowe bado utamkuta bibi amelala koridoni na blanketi lake.

Siku moja alipigiwa simu kutoka jalalani. Lori la taka lilikuwa limepita kwenye mashine yao na kengele ya mionzi ikalia, wafanyakazi wakakimbia wote. Fe'ao akavaa mavazi ya plastiki, akafukua, akafukua, hadi akaipata nepi ya mzee mmoja aliyetibiwa wiki ile. Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa na tulikuwa na meza hotelini. Nilimwambia avulie nguo gerejini na asiniguse mpaka kesho.

Lakini kinachomchosha si nepi. Daktari wa upasuaji ana mgonjwa wake wa kuonyesha, huyu hapa, anatembea. Fe'ao ana watu ambao hawakuugua, na wenyewe hawajui. Nilipomwambia hivyo aliniomba nisilirudie mbele ya watu, wakubwa wa hospitali wasije wakalisikia na kumpunguza kazini. Alikuwa anatania, ila nusu tu. Ndivyo alivyokuwa mwaka ule aliokufa Kalolo: amechoka hata utani wake umechoka.

Kalolo alikuwa binamu yake, mtoto wa Shangazi Lavinia, dada mkubwa wa baba yake Fe'ao. Alikuwa dereva wa basi, sauti nene ya kwaya yetu, mtu ambaye hakuweza kukaa kwenye kiti bila kukivunja wala kukaa kwenye kikao bila kukichekesha. Saratani ilimwanzia kwenye tezi ya shingo ikahamia mapafuni. Jumatatu akanyweshwa iodini katika kile chumba cha peke yake. Jumatano moyo wake ukasimama, na ile dawa ingali tele kifuani.

Kwetu marehemu hazikwi kabla hajarudi nyumbani. Hulazwa sebuleni juu ya mikeka na nguo za magome ya miti, jeneza liko wazi, watu huimba mpaka kuche, na kila anayeingia humbusu. Kichwani pake hukaa fahu, mwanamke wa upande wa dada yake, na siku hiyo hakuna aliye juu ya fahu humo ndani, awe mchungaji, awe nani. Sisi tulio chini ya marehemu kwa hadhi, yaani watoto wa mjomba wake pamoja na wake zao, huvaa mikeka mikubwa iliyochakaa, na kuishia jikoni na moshi na nguruwe. Maiti hatuisogelei. Kwa hiyo Fe'ao alikuwa wa jikoni. Na fahu alikuwa Siu, binti wa dada yake Kalolo aliyekwisha kufariki, msichana ambaye Kalolo alimlea kama wa kwake. Siu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili kabla ya hiyo zilitoka.

Mkubwa wa Fe'ao kazini, Mzungu mmoja mwema aitwaye Glenys, alimwambia njia rahisi ipo: aweke sahihi yake, jeneza lifungwe palepale hospitalini, lisifunguliwe tena. Sheria ingemlinda. Lakini Fe'ao aliwahi kufanya hivyo alipokuwa mgeni kazini, kwa bibi mmoja wa Kisamoa. Binti wa yule bibi haamini hadi leo kwamba mama yake ndiye aliyekuwa humo ndani. Kwa miaka alikuwa akipiga simu hospitali kuuliza mama yake yuko wapi, na simu hizo zilikuwa zinaletwa kwa Fe'ao.

Akaenda chumba cha maiti peke yake na kipima mionzi chake, akampima binamu yake kichwani, kifuani, miguuni. Alirudi nyumbani akakaa na hesabu zake mezani, chakula kikapoa. Busu moja kwa kila mtu halina neno, aliniambia. Wazee wakikaa ukutani na kuimba, hawana shida. Lakini mwenye mimba kukaa pale kichwani, karibu na kile kifua, jioni hadi asubuhi, hapana. Mtoto angepata mara kadhaa ya kiasi anachoruhusiwa kwa mimba nzima.

Nikamwambia achukue kile kipimo, akiwashe sauti, akiache kilie mbele yao. Watasogea wenyewe bila kuambiwa.

"Kikilia mara moja tu, Lesieli, hakuna atakayembusu," akasema. "Watamzika kama ile nepi. Hapana. Nitasema kwa mdomo."

Nilijua mdomo wake. Ni mdomo wa mtu anayeomba radhi kabla hajakosa.

Tukaenda kwa Shangazi Lavinia kule Otara. Alikuwa kitandani, amezungukwa na wanawake wa kanisa, Siu yuko miguuni pake akimkanda vifundo. Tuliketi chini karibu na mlango, kama ilivyotupasa. Fe'ao akaeleza, polepole, macho kwenye mkeka. Hakutaja hesabu hata moja. Alisema dawa ingali mwilini mwa Kalolo, kwamba mtu mzima haimdhuru kwa kumsalimu, lakini aliyemo tumboni ni mdogo mno. Siu akaacha kukanda.

"Kwa hiyo mjomba wangu ni mchafu," akasema.

"Si mchafu. Ni dawa tu. Haijui kama mwenyewe ameshakufa."

"Nikae wapi basi? Uani, na wewe?"

Mwanamke mmoja akacheka puani. Fe'ao akasema hata kidogo, mahali pake ni palepale, ila pasogezwe nyuma.

"Mjomba Fe'ao, tuseme ukweli," Siu akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu aliyelia siku nzima. "Mama yangu hayupo. Wadogo zangu wako Marekani, nauli hawana. Nimebaki mimi peke yangu kwenye upande wetu. Nisipokaa kichwani kwa mjomba wangu, watu watasema tumekwisha. Na atakayekuwa ametumaliza ni mtu wa jikoni. Mmeingoja sana siku hii?"

Nilifungua kinywa. Fe'ao akaniwekea mkono gotini, nikakifunga. Hasira niliyokuwa nayo ningeweza kuivunja nayo sahani zote za nyumba ile.

Shangazi Lavinia ndiye aliyeuliza, akiwa bado amelala na macho amefumba: nyuma kiasi gani? Fe'ao akamwonyesha, kutoka kitandani hadi kwenye kabati la nguo. Shangazi akafumbua jicho moja akalitazama kabati, akasema hapo ni mbali, fahu ataonekana kama amegombana na maiti.

Hapo ndipo mume wangu, ambaye sijawahi kumwona akishinda mabishano hata na dada zangu, alipopata akili. Alisema wakubwa wa kwetu hawakaliwi karibu. Mtu akiwa mkubwa kweli, mbele yake huwa pana nafasi. Basi itandikwe nguo ya magome moja, ndefu, kutoka kwenye jeneza hadi kwenye mikeka ya Siu, mtu yeyote asiikanyage, na Siu akae upande wa pili ameinuliwa juu ya mikeka mingi. Watu hawataona kwamba fahu amesogezwa. Wataona kwamba hajawahi kutokea fahu wa namna hiyo Auckland nzima.

Shangazi alipapasa godoro lake. Halafu akasema nguo ndefu hivyo iko moja tu, na yeye mwenyewe amelala juu yake. Aliiweka chini ya godoro miaka yote hiyo kwa ajili ya mazishi yake mwenyewe. Akawaambia wanawake wamwinue waitoe.

Siu alilia alipoiona. Akakubali, kwa sharti kwamba naye atambusu mjomba wake wakati wa kufunga jeneza, kama watu wote. Fe'ao akasema sawa, busu moja, fupi. Akataka kuongeza neno kuhusu tumbo, nikamfinya.

Usiku ule ulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Sisi tulikuwa kwenye gereji ya Shangazi, ndiyo jiko letu, na masufuria, tukimenya taro na kufunga nyama kwenye majani yake, na kila aliyetoka ndani alikuwa anaisimulia ile nguo, urefu wake, na Siu alivyokaa juu kule kama binti wa mfalme. Fe'ao hakulala. Kila alipopeleka kuni alipitia dirishani kuchungulia kama Siu bado amekaa palepale. Nilimwambia apumzike, akasema atapumzika Kalolo akishazikwa.

Asubuhi mchungaji akaomba, kwaya ikaanza wimbo wa kufunga, na watu wakapita mmoja mmoja kumbusu Kalolo. Sisi wa jikoni tulisimama nje ya mlango wa uani tukitazama. Wa mwisho alikuwa Siu. Alishuka kwenye mikeka yake, akaizunguka ile nguo kwa adabu, akainama akambusu mjomba wake kwenye paji la uso.

Halafu hakuinuka. Alimlalia Kalolo kifuani, tumbo lake limebanwa kwenye ubavu wa maiti, mikono shingoni pake, akawa anamwita kwa lile jina alilomwita utotoni. Sebule nzima ikaangua kilio. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, kwaya ikaanza upya. Wanawake walikuwa wamemzunguka wanalia naye. Nao wangefanya nini? Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa na haki ya kumgusa fahu na kumwondoa kwa maiti yake. Shangazi Lavinia alikuwa amefunikwa shuka kichwani, haoni.

"Inuka, mama," Fe'ao akawa anasema kando yangu, kwa sauti ya chini. "Inuka. Basi. Imetosha. Inuka."

Hakuinuka. Nilimtazama mume wangu usoni nikaona anahesabu, midomo inatikisika. Nikajua atafanya nini, na nikatamani kumshika mkeka. Sikumshika.

Aliingia wima. Hakutambaa kama ilivyompasa mtu wa jikoni, hata kichwa hakukiinamisha. Aliingia na mkeka wake uliochakaa, majivu mpaka viwikoni, mabuti ya mpira yana damu ya nguruwe, akapita njia ya mkato. Alikanyaga ile nguo ya magome katikati, hatua kwa hatua, akamshika Siu mabegani akamnyanyua kutoka kwa Kalolo. Kwaya ikanyamaza katikati ya neno.

Siu akageuka akamzaba kofi. Kisha la pili. Fe'ao hakumwachia.

"Nipige, mama," akamwambia. "Nipige sana. Lakini twende ukanipigie kule."

Akamwongoza nyuma, hatua kwa hatua, huku anapigwa, mpaka wakafika kwenye mikeka yake akamkalisha. Ndipo akapiga magoti mbele ya watu wote, akarudi kinyumenyume hadi jikoni. Alisimama kwenye bomba akanawa mikono kwa muda mrefu. Nami niligeukia masufuria, maana ningelia, na sikutaka wanione.

Msemaji wa ukoo aliomba radhi mbele ya wageni kwa niaba yetu. Baada ya maziko tulikwenda Otara na nguruwe na mikeka mizuri, Fe'ao akaketi chini akaomba msamaha kwa maneno yote yaliyopo. Shangazi Lavinia akatusamehe, akaongeza kwamba alama za mabuti hazitoki kwenye nguo ya magome, atazikwa nazo. Siu alikuwa chumbani. Alituma mtu kusema anaumwa kichwa.

Usiku wa maziko, kabla hata ya kuvua viatu, Fe'ao alikuwa ameshakaa mezani na hesabu. Alijumlisha muda wa mikeka, muda wa busu, muda wa kulala kifuani. Nilisimama nyuma yake na taulo.

"Imebaki ndani ya mpaka," akasema. "Pembeni kabisa, lakini ndani. Ule wimbo ungeimbwa tena mpaka mwisho, isingebaki."

Alitaka kwenda kumwambia Siu, ajue asiwe na hofu. Alikwenda mara mbili. Mlango ulifunguliwa na mumewe, akapokea salamu, akaufunga. Kazini Glenys alimpa pole kwa msiba na rundo la aproni za kukagua.

Mtoto akazaliwa wakati wake, wa kiume, mnene, analia kwa sauti nene. Wakamwita Kalolo, nani angetarajia vingine. Sisi tulipata habari kanisani kama watu wote.

Alipotimiza mwaka wakafanya sherehe, na sherehe ya mwaka wa kwanza kwetu haina mwaliko, huja wote. Ukumbi wa kanisa ulijaa. Nguruwe, taro, samaki mbichi wa tui la nazi, meza zimeinama katikati. Tuliketi mwisho wa safu. Shangazi Lavinia alitupungia. Kisha msemaji wa ukoo akasimama na kipaza sauti, na baada ya kumshukuru Mungu na wapishi akasema yuko ndugu mmoja humu ndani aliyetuambia kwamba mtoto huyu atazaliwa anawaka kama taa. Mwaka mzima, akasema, wazazi wamengoja wapunguziwe bili ya umeme, wapi.

Ukumbi ukavunjika mbavu. Watu waligeuka kumtazama Fe'ao, wakimpigia makofi, bila ubaya, ndivyo tulivyo. Na Fe'ao alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama yule mtoto mzima, mnene, mikono miwili na vidole vyake vyote, anapitishwa juu ya mabega ya watu, na nilitaka kusimama kwenye kile kiti niwaulize wanadhani wanacheka nini. Fe'ao akajua. Akaninong'oneza nile samaki.

Mtoto alikuwa anapitishwa safu kwa safu ili kila mmoja ambusu na kumbariki. Akaja safu yetu. Akapita kwa mama mmoja wa sauti ya pili katika kwaya, akapita kwa mzee mmoja wa besi, akaja kwangu, nikambusu, ananuka maziwa na nazi. Nikageuka nimpe Fe'ao. Mikono yake ilikuwa imeshanyooshwa. Alikuwa ameifuta kwa kitambaa kwanza, niliona.

Siu akaja haraka kutoka nyuma ya viti, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa amepigwa na haya, mtoto kambana begani.

"Samahani, mjomba," akasema. "Wewe unashinda na vile vitu kila siku. Mimi naogopa."

Angeweza kumweleza. Vile vitu havimgandi mtu aliyefanya kazi yake sawasawa, hatoki navyo, anayemgusa hapati chochote. Hayo ameyaeleza kwenye korido za hospitali maisha yake yote, kwa watu asiowajua, mpaka sauti inamkauka. Nilingoja aeleze. Akarudisha mikono yake mapajani.

"Ni sawa, mama," akamwambia. "Usiwe na wasiwasi. Ni haki yako."

Mtoto akaendelea kwa mtu wa upande wa pili. Mimi nikachukua sahani chafu, zetu na za jirani ambao walikuwa hawajamaliza kula, nikaenda nazo jikoni.